TV mpya imeingia, sauti imepotea (sehemu zote nne pamoja)

Hii stori niliiandika vipande vipande wiki iliyopita nikiwa zamu ya usiku. Wengine mkaipata sehemu ya tatu bila kuiona ya kwanza, na meseji zikajaa. Leo nipo ofu, nimeziunganisha zote. Ni ndefu, chukua chai yako ukae. Ndani yake kuna mambo ya nyaya na kuna jambo la mtoto. Nyaya zikikuchosha usiondoke, jambo la mtoto liko mbele.

SEHEMU YA 1: UKIMYA

TV yetu ya zamani ilikufa mwezi wa tatu. Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kwa nguvu, tukasikia "tap", basi. Fundi wa mtaani akasema kuitengeneza ni gharama, bora tujipange tununue nyingine. Bahati nzuri zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika, tukaongezea kidogo, tukaleta nyumbani TV bapa ya inchi 43. Watoto waliipokea kama mgeni kutoka Ulaya.

Sasa mjue kitu kimoja. Nyumbani kwetu TV haijawahi kusikilizwa kwa spika zake yenyewe. Tuna sabufa, ile homu thieta ya spika tano na boksi moja zito, aliyonizawadia marehemu baba yangu siku ya sendi-ofu yangu, 2013. Mzee alisema nyumba isiyo na muziki ni gesti. Tangu hapo taarifa ya habari, katuni, kwaya, mpira, vyote vinapita kwenye sabufa ya mzee.

Baba watoto akachomeka TV mpya, picha safi kabisa. Akachomeka sabufa, ikawaka taa. Sauti hamna. Spika za TV zinaongea kidogo kidogo kama mtu anayeongea chini ya shuka, sabufa kimya.

Akachomoa, akachomeka. Akapuliza vumbi. Akabadilisha nyekundu na nyeupe. Akazima soketi, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Kimya. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu akatoa hukumu: "Hii sabufa nayo iliungua siku ileile ya umeme. Tuiweke stoo, kuna zile spika ndefu za kisasa, laki tatu na nusu tu."

Laki tatu na nusu tu! Wamama mnanielewa. Ndani ya nyumba kulikuwa na hela moja tu ya kiasi hicho, na ilikuwa ada ya dada mkubwa. Halafu anasema sabufa ya baba yangu iende stoo. Sikupiga kelele, ila nilijibu kwa sauti ile ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele. Tukalala tumegeukiana migongo.

Katika siku hizo tatu kuna sentensi moja ilisemwa pale sebuleni, na mimi muuguzi wa miaka kumi na moja kazini ilinipita. Kitinda mimba wetu, wa kiume, ana miaka minne, alisimama mbele ya TV akasema, "Mama, TV haiongei."

Tukacheka wote. Baba yake akasema, "Umeona? Hata mtoto anajua sabufa imekufa." Mtoto akasogea, akakaa chini, pua karibu iguse kioo. Nikamwambia, "Rudi nyuma, utaumiza macho."

Nikawaza macho. Sikuwaza masikio.

SEHEMU YA 2: FUNDI ANAANZA NA RAHISI

Jumamosi nikamwita fundi, kijana mmoja anayetengeneza redio karibu na kituo cha daladala. Nilimwambia kabla hajaingia, "Mdogo wangu, nataka ujue kama hii kitu imekufa kweli. Usinifiche."

Nilipenda alivyoanza. Hakufungua skrubu hata moja. Alitoa waya mfukoni, akachomeka simu yake kwenye tundu la AUX la sabufa, akaweka muziki. Dada wa kazi alikurupuka jikoni. Spika zote tano zinaimba!

"Sista, huyu mgonjwa mzima," akasema. "Tatizo haliko kwake."

Nilimwangalia baba watoto. Yeye akawa anaangalia dirisha.

Fundi akaigeuza TV, akawasha tochi ya simu, akamwita baba watoto wasome pamoja maandishi yaliyo nyuma. Hapo ndipo siri ilipokuwa. TV ya zamani ilikuwa na matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa OUT, yaani sauti inatoka. Hii mpya ina tundu moja la AV, nalo limeandikwa IN, yaani linapokea sauti na picha kutoka kwenye deki au king'amuzi. Siku tatu tulikuwa tunasubiri sauti itoke mahali inapoingilia. Ni kama kumnyonyesha mtoto kwa kitako cha chupa halafu unalalamika hashibi.

TV nyingi za siku hizi hazina kabisa matundu ya sauti ya kutoka ya nyekundu na nyeupe. Sauti inatoka kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Ya pili ni tundu dogo la mwanga, mafundi wanaliita optikali, ukilichungulia unaona mwanga mwekundu. Baadhi zina pia tundu la hedifoni. Sabufa yetu ya 2013 haina ARC wala optikali, inajua nyekundu na nyeupe tu. Kwa hiyo TV inaongea lugha moja, sabufa inasikia nyingine. Anatakiwa mkalimani.

Mkalimani ni kiboksi kidogo kama cha kiberiti. Upande mmoja unaingia waya wa optikali kutoka kwenye TV, upande wa pili zinatoka nyekundu na nyeupe kwenda kwenye sabufa. Fundi alikifuata dukani, shilingi 25,000 pamoja na waya. Akachomeka. Tukakaa mkao wa kula.

Kimya.

Baba watoto akakohoa. Fundi hakushtuka. Alichukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya sauti. Kwanza palipoandikwa Sound Output, TV ilikuwa bado imechagua spika zake yenyewe, akabadilisha iende optikali. Ikaja sauti ya kukwaruza, krr krr. Kisha akatafuta aina ya sauti ya kidijitali, ilikuwa Auto, akaweka PCM. Hapo sauti ikajaa nyumba nzima. Alituelezea kwamba Auto inaweza kutuma sauti iliyofungwa kwa mtindo wa sinema, na viboksi vya bei rahisi havijui kuifungua. PCM ni sauti ya kawaida isiyofungwa, kila kiboksi kinaielewa.

Naomba mhifadhi huu mpangilio, utawaokolea hela:

1. Jaribu sabufa peke yake kwa simu. Ikiimba, ni nzima, usinunue nyingine.
2. Angalia sabufa imewekwa kwenye chaguo sahihi. Kama umechomeka AUX halafu yenyewe iko kwenye redio au bluetooth, utakaa mpaka kesho.
3. Soma maandishi nyuma ya TV. IN inaingia, OUT inatoka.
4. Kama sabufa yako ina HDMI yenye ARC, tumia waya mmoja tu, kutoka tundu la ARC la TV kwenda tundu la ARC la sabufa. Tundu lingine la HDMI halitatoa sauti hata ukilibembeleza. Kwenye mipangilio washa pia CEC, kila kampuni ya TV inaiita kwa jina lake.
5. Kama unatumia optikali, toa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya. Msicheke, kuna watu wamerudisha waya dukani kwa sababu hiyo.
6. Badilisha Sound Output, halafu PCM.
7. Kama mnaangalia king'amuzi tu na kina matundu mekundu na meupe ya kutoka, unaweza kutoa sauti pale moja kwa moja mpaka kwenye sabufa. Ila ukihamia kwenye flashi au intaneti ya TV, sauti haitafuata.

Na jambo moja la wazazi. Ukitumia optikali, kwenye TV nyingi rimoti ya TV haipandishi wala kushusha sauti tena, inabidi utumie ya sabufa. Maana yake mtu wa kwanza kuishika rimoti ya sabufa ndiye anaamua masikio ya nyumba nzima. Kumbukeni hilo.

Baba watoto alimlipa fundi mwenyewe, akaongeza na ya soda. Jioni akaniambia, "Mama, mzee wako alinunua kitu cha maana." Kwake hiyo ndiyo samahani. Nikaipokea.

SEHEMU YA 3: "HAIONGEI TENA"

Jioni ileile tukakaa kuangalia katuni, sabufa iko juu, shangwe. Kitinda mimba akatoka pale kwenye kioo, akapanda kwenye kochi, akaanza kucheka kila wakicheka wale vikaragosi. Nikafurahi.

Dada yake mkubwa alikuwa ameziba masikio. Dada wa kazi akachungulia, "Mama, jirani watatusema." Kweli ilikuwa juu mno. Nikachukua rimoti, nikashusha mpaka kiwango ambacho sisi wote tunasikia vizuri.

Mtoto akashuka kwenye kochi. Akatembea mpaka mbele ya TV, akakaa pua kwenye kioo. Akageuka, akaniangalia, akasema, "Mama, haiongei tena."

Jamani. Nilisikia baridi mpaka kwenye vidole.

Sabufa ilikuwa inaongea. Sisi wote tulikuwa tunaisikia.

Pale pale mambo yakaanza kujipanga kichwani. Januari alikuwa na mafua yasiyoisha, kila wiki kamasi. Tangu hapo ukimwita mara ya kwanza haitikii, ya pili haitikii, ya tatu ukipaza anageuka, "Eeh?" Mwalimu wa chekechea alikuwa ameandika kwenye daftari, "Hatulii, hasikilizi maelekezo." Mimi nikalisoma kama la utundu. Kuna maneno alikuwa anayasema vizuri, yakaanza kupoteza herufi za mwisho. Na sabufa ilikuwa imetuficha, kwa sababu kwetu sauti ilikuwa juu siku zote, na yeye alikuwa anasikia kama sisi. Ilipokaa kimya siku tatu ndipo akabaki peke yake.

Hili linaniuma kulisema ila nalisema, kwa sababu najua siko peke yangu. Wiki mbili kabla, nilimwita akaoge, akanipuuza mara nne. Nikamfuata nikamvuta sikio. Nikamwambia, "Hili ni la nini kama halisikii?" Sikio lilelile.

Kazini mama akiniambia mtoto wake amekuwa mkaidi ghafla, swali langu la kwanza ni, "Anasikia?" Nyumbani kwangu nilisahau kuuliza.

Usiku ule nikafanya kipimo cha kunong'ona. Unasimama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooka, asione midomo yako. Mtu anamziba sikio moja taratibu kwa kidole. Unanong'ona maneno anayoyajua: kikombe, paka, ndizi. Yeye anarudia. Unafanya upande wa pili kwa maneno tofauti. Tukaufanya kama mchezo. Dada yake alirudia yote sita. Yeye upande wa kulia alirudia moja. Upande wa kushoto alikaa ametulia, anasubiri mchezo uanze.

Baba yake alitoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi amekaa.

SEHEMU YA 4: MAJI NYUMA YA NGOMA

Jumatatu tukaenda kwa daktari wa pua, masikio na koo. Alimwangalia masikio kwa kifaa chenye taa. Hakukuwa na nta iliyoziba, hakukuwa na usaha, hakukuwa na kitu alichochomeka (na watoto huchomeka kila kitu, mimi nimeshaona maharage). Akaweka kifaa kingine kinachosukuma hewa kidogo sikioni kupima kama ngoma ya sikio inacheza. Haikucheza, masikio yote mawili. Majimaji yamekaa nyuma ya ngoma.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo ambacho kinatakiwa kiwe na hewa. Kutoka pale kuna mrija unaoteremka mpaka nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huu ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yakikaa unavimba na kuziba kirahisi. Hewa haiingii, majimaji yanajaa, ngoma haichezi vizuri. Mtoto anasikia kama wewe ukiwa umezama kwenye maji. Na mara nyingi hana maumivu wala homa. Ndiyo maana inatupita.

Halikuwa kosa la sabufa, msije mkaondoka na hilo. Sabufa ilificha tu.

Nilitegemea kupewa dawa. Daktari akaniambia kile ninachowaambia wengine: antibaotiki haisaidii hali hii, dawa za mafua na aleji nazo hazisaidii. Kwa watoto wengi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Tumpe muda, tumwangalie, turudi apimwe tena. Yakigoma na usikivu ukibaki chini, kuna mrija mdogo sana wa kuwekwa kwenye ngoma ili hewa ipite.

Miezi mitatu ya kusubiri haikuwa ya kukaa bure. Tulifanya hivi:

Tulizima TV wakati wa kula na wakati wa kuongea naye. Kelele za nyuma zinammaliza mtoto wa namna hii.
Tukimwita, tunamwendea, tunachuchumaa, anaona uso wetu, ndipo tunaongea kwa sauti ya kawaida. Dada wa kazi alilishika hili kuliko sisi.
Mwalimu nilimfuata mwenyewe. Alimhamishia mbele, na akaniomba radhi kwa yale maneno ya daftari. Nikamwambia tuko wawili.
Na mimi nikamwomba mtoto samahani ya sikio. Hakukumbuka. Mimi nakumbuka.

Wiki ya tisa hivi, alfajiri, nilikuwa nimetoka zamu, mvua ikaanza manyunyu kwenye bati. Ilikuwa ndogo, hata baba yake hakuamka. Mtoto akafungua macho akasema, "Mvua." Nikajifunika shuka usoni ili asinione.

Tumerudi hospitali mwezi uliopita. Sikio la kulia limepona, ngoma inacheza. La kushoto majimaji yamepungua lakini bado yapo. Tumepewa tarehe nyingine. Sijui kama litahitaji mrija, likihitaji tutaweka. Siku hizi anakaa kwenye kochi na wenzake.

Wamama, mkae na haya:

Mpeleke mtoto apimwe masikio kama: ana miezi 6 na hageukii sauti, ana mwaka na hajaanza silabi za ba-ba, ma-ma, ana miaka 2 na haungi maneno mawili, au alikuwa anaitikia vizuri sasa hivi anauliza "eeh?" kila saa, anapandisha sauti, anasogelea TV, mwalimu anasema hasikilizi.

Usisubiri hata siku moja kama kuna homa na maumivu makali, usaha, au uvimbe nyuma ya sikio.

Usimwekee mafuta ya moto, maziwa ya mama, kitunguu, wala pamba za vijiti. Kijiti kinasukuma nta ndani.

Kunyonyesha, kumaliza chanjo zote na kutovuta sigara karibu na mtoto hupunguza magonjwa ya masikio.

Na sauti: kwa simu na hedifoni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, mtu mzima 80. Nyumbani huna kipimo? Kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie, shusha. Halafu baada ya kushusha, mwangalie nani amesogea.

Sabufa ya mzee bado inaimba, kwa kiasi. Rimoti yake naficha mimi, na nyie wababa msiulize ilipo 😄

Aliyekwama kwenye nyaya au kwenye mtoto aandike hapo chini, nikitoka zamu najibu mmoja mmoja.

Nesi wenu.